Shamba na Siri Yake

Anunuaye mbuzi mnadani humfunua midomo akayatazama meno. Anunuaye kanzu huigeuza akaukagua mshono kwa ndani. Anunuaye nazi huitikisa karibu na sikio. Hata mtu asiye na elimu yoyote ya biashara anajua kwamba uso wa kitu si kitu chenyewe, na kwamba sifa za muuzaji si ushahidi. Walakini mtu huyo huyo anunuapo shamba, mahali atakapolima, atakapokunywa maji, atakapolea watoto na huenda akazikwa, aghalabu huridhika na mambo matatu: mipaka, bei na mashahidi. Akiisha kuonyeshwa jiwe na mti wa mpakani, bei ikiisha kukubaliwa, na wazee wakiisha kutia sahihi, hujiona amelijua shamba. Wahenga walisema kwamba nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Ila ya nyumba huonekana mvua ya kwanza inaponyesha. Ila ya shamba yaweza kulala miaka 50 bila ya kusema neno.

Mwalimu mmoja wa Mkoa wa Tanga alijifunza jambo hili katika mwaka aliostaafu. Alifundisha tangu ujana wake mpaka alipotimiza umri wa miaka 60, akapewa kiinua mgongo chake, naye hakuwa na tamaa ya gari wala ya duka. Tamaa yake ilikuwa ardhi. Akaonyeshwa shamba la ekari 12, chini ya milima ya Usambara, lililokuwa likiuzwa na ndugu watatu waliolirithi kwa baba yao. Udongo wake ulikuwa mwekundu na mzito, miembe yake ilikuwa mikubwa, na bondeni palikuwa na kisima kilichojengwa kwa mawe. Juu ya kisima, kwenye mteremko, hatua zisizozidi 60, palikuwa na josho la ng'ombe lililoachwa zamani. Mrithi mkubwa alilitaja josho hilo kama faida.

"Mwalimu," alisema, "hapa umepata bwawa la samaki bila ya kuchimba. Saruji ya wakati ule haipasuki."

Mwalimu alicheka, wakaagana. Katika kuagana, mke wa mrithi alimpa mke wa mwalimu mayai 10 ya kuku wake, kama ilivyo desturi ya watu wema.

Usiku ule, baada ya chakula, mkewe aliuliza swali fupi. "Baba watoto, ng'ombe wote wale waliogeshwa kwa dawa. Dawa ile ilikwenda wapi?"

Mwalimu alikosa jibu. Kwa miaka mingi alikuwa amewafundisha watoto wa watu kwamba maada haipotei bali hugeuka hali, wala hakupata kujiuliza maana yake juu ya ardhi aliyotaka kuinunua. Elimu iliyo mdomoni na elimu iliyo moyoni ni majirani wasiotembeleana.

Josho si shimo la kawaida. Ni mfereji mwembamba wa saruji, wenye kina cha kumzamisha ng'ombe mzima. Ng'ombe huingizwa kwa upande mmoja, hujitosa, huogelea mpaka upande wa pili, hupanda ngazi, kisha husimama katika uwanja mdogo wenye sakafu iliyoinama ili dawa inayomchuruzika irudi joshoni. Kazi yake ilikuwa njema. Kupe huleta ndigana kali, maradhi yaliyowafilisi wafugaji wengi wa Afrika ya Mashariki, na majosho yaliokoa mifugo isiyo na hesabu. Lakini kila ng'ombe huingia na udongo wa kwato zake na kinyesi chake. Tope hujaa chini, halina budi kuzolewa, na desturi ya majosho mengi ilikuwa kulitupa ukingoni. Dawa iliyochakaa nayo ilimwagwa ikafuata mteremko. Basi katika kumsafisha ng'ombe, ardhi ya kandoni ilinyweshwa kidogo kidogo, juma baada ya juma, kwa miaka mingi.

Asubuhi mwalimu hakwenda kwa dalali. Alikwenda kwa mzee mmoja wa kijiji kile, mwenye umri uliopita miaka 80, ambaye katika ujana wake alikuwa mtunza josho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nasikia unataka kuwa jirani yetu."

"Ndiyo, mzee, lakini nimekuja kuuliza kwanza. Dawa ya josho lile ilikuwa ya namna gani?"

Mzee alinyamaza kitambo. "Ya wakati wangu ilinuka kama utomvu wa msonobari. Ukiitia majini, maji hugeuka meupe kama maziwa. Ya wakati wa baba yangu ilikuwa kali zaidi. Ng'ombe akinywa mafunda machache hafiki jioni. Tope tulilitupa pale penye mkwaju. Hatukumkosea mtu, maana hapakuwa na mtu aliyekaa pale."

"Na kisima, mzee?"

"Kisima kilichimbwa baadaye, na watu ambao hawakuliona josho likifanya kazi."

Katika jibu hilo la mwisho mlikuwa na hatari yote. Aliyetupa alijua, lakini hakuwa na kisima. Aliyechimba kisima hakujua, kwa sababu aliyejua hakuulizwa.

Maneno ya mzee yalikubaliana na vitabu kuliko alivyodhani mwenyewe. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, dawa ya majosho ya Afrika ya Kusini na ya Mashariki ilikuwa aseniki. Aseniki haiozi, haiungui ikaisha, wala jua haliifishi. Ilipotupwa na babu, mjukuu huikuta. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilikuja dawa mpya zenye klorini, kama vile DDT na toksafeni. Asili ya toksafeni ni mafuta ya msonobari, na ndiyo sababu ya harufu aliyoikumbuka mzee. Dawa hizi zilipokewa kwa shangwe. Paul Müller wa Uswisi aligundua mwaka 1939 nguvu ya DDT ya kuua wadudu, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Lakini mwaka 1962 Rachel Carson wa Marekani alitoa kitabu chake, Silent Spring, akaonya kwamba kinachomwua mdudu hakiishii kwa mdudu. Mkataba wa Stockholm, uliofanywa mwaka 2001 ukaanza kutumika mwaka 2004, uliziweka DDT na toksafeni miongoni mwa sumu 12 za kwanza za kukomeshwa au kuwekewa mipaka duniani. DDT ikaachiwa nafasi ya kupigana na wadudu waenezao maradhi, hasa mbu wa malaria.

Tabia ya sumu hizi za klorini ni moja: hazipendi maji, hupenda mafuta. Hushikamana na udongo kwa miaka mingi. Kuku adonoaye udongo huo huzichukua, nazo huhamia katika kiini cha yai. Ng'ombe alaye majani yenye vumbi lake huzichukua, nazo huhamia katika maziwa. Katika mwili wa mama hutafuta mafuta vile vile, na mtoto huzipokea katika riziki yake ya kwanza.

Mwalimu aliposoma hayo aliyakumbuka mayai 10. Yalikuwa bado jikoni, ndani ya kikapu, mazuri, yasiyo na kosa lolote machoni. Kuku waliotaga mayai hayo aliwaona kwa macho yake wakiparura kando ya josho. Mkewe hakuyapika, kwa kuwa aliogopa. Wala hakuyatupa, kwa kuwa yalikuwa zawadi. Aliyaacha kikapuni mpaka yakaharibika.

Mwenye kudhani kwamba hofu ya namna hii ni ya vitabuni tu na aitazame Vikuge, katika Kibaha, Mkoa wa Pwani. Mwaka 1986 shamba la serikali la mahali hapo lilipokea takriban tani 170 za dawa za wadudu, zilizoletwa kama msaada kutoka Ugiriki, na baadhi yake zilikuwa zimekwisha pitwa na wakati. Banda lililozihifadhi likaanguka. Dawa zikanyeshewa mvua, zikaingia ardhini. Baadaye mabaki yaliondolewa. Lakini wanasayansi waliopima mahali hapo na kutoa taarifa yao mwaka 2004 walikuta katika udongo wa juu DDT na jamaa zake kiasi kinachofikia asilimia 28, na HCH, dawa nyingine ya kundi hilo, kiasi kinachofikia asilimia 6. Maana yake ni kwamba, pale palipokuwa pabaya kabisa, zaidi ya robo ya kile ambacho mpita njia angekiita udongo haikuwa udongo. Maji ya visima vya karibu nayo yalikutwa na mabaki ya dawa. Mafunzo ya Vikuge ni mawili. La kwanza, kuondoa mapipa si kuondoa sumu. La pili, kitu hakiwi salama kwa sababu kimetolewa bure.

Basi shamba huchunguzwa kwa milango mitatu: sikio, jicho na jembe. Sikio hutangulia, kwa sababu ni rahisi kuliko yote na hudharauliwa kuliko yote. Mnunuzi huuliza nani alikuwa na shamba kabla ya muuzaji, lililimwa nini, dawa gani ilitumika, ilihifadhiwa wapi, ilimwagwa wapi, na takataka zilichomwa wapi. Hawaulizi warithi peke yao; huwauliza na waliokuwa vibarua, kwa kuwa mwenye shamba hujua faida yake, na kibarua hujua mashimo yake. Katika mashamba ya zamani ya kahawa atauliza habari za mrututu, ambao ukinyunyizwa mwaka baada ya mwaka huiacha shaba yake ardhini. Karibu na machimbo madogo ya dhahabu, kama yale ya Geita na Chunya, atauliza mahali mchanga ulipooshwa kwa zebaki, sumu ambayo Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulifanywa ili kuipunguza duniani. Palipokuwa na ghala la pamba, ataomba aonyeshwe sakafu yake.

Jicho hufuata. Hutafuta mahali pasipoota kitu, mapipa yaliyoshika kutu, udongo uliobadilika rangi, na njia ya maji ya mvua kutoka palipo juu kwenda palipo na kisima. Lakini jicho hudanganyika. Majani yaweza kusitawi vizuri juu ya DDT, kwa kuwa DDT haikutengenezwa kuua majani. Tena si kila sumu imeletwa na mtu. Pande za Mlima Meru na mahali pengi pa Bonde la Ufa, maji ya ardhini yana floraidi nyingi itokayo katika miamba ya volkeno, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Huko mnunuzi hurudi kwenye desturi ya mnadani: kabla ya kuitazama miembe, huyatazama meno ya watu waliozaliwa hapo. Meno yenye madoa ya rangi ya kahawia ni hati iliyotiwa sahihi na maji yenyewe.

Jembe ndilo la mwisho, kwa kuwa lina gharama, na kwa kuwa halina maana ikiwa sikio na jicho havikulionyesha mahali pa kuchimba. Udongo wa juu, kiasi cha sentimita 15, huchukuliwa katika kila mahali panaposhukiwa, na mahali hapo hapachanganywi na mahali safi. Maana kuchanganya ni kupunguza, na kupunguza ni kuficha. Jembe huoshwa baada ya kila shimo. Udongo wa kupimwa dawa za klorini hutiwa katika chupa za kioo, hukingwa na jua na joto, na kila chupa huandikwa mahali, kina na tarehe. Mwalimu alivaa glavu akajaza chupa 6: tatu kandokando ya josho, moja penye mkwaju, moja ya udongo wa juu kabisa wa shamba ili iwe shahidi wa hali ya kawaida, na moja ya maji ya kisima. Akazipeleka katika maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, akalipa ada. Shemeji yake alimcheka. "Watu hununua ardhi," alisema, "wewe unanunua karatasi."

Karatasi ilipokuja ilikuwa fupi. Udongo wa penye mkwaju ulikuwa na aseniki nyingi kupita kawaida, pamoja na mabaki ya toksafeni na DDT. Kandokando ya josho hali ilikuwa hiyo hiyo, ijapokuwa kwa kiasi kidogo zaidi. Udongo wa juu ya shamba ulikuwa salama. Maji ya kisima yalikuwa na aseniki iliyopita kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 0.01 kwa lita.

Hapo mtu aliyetafuta usalama wake peke yake angekuwa amemaliza kazi. Fedha zake zilikuwa mfukoni, na mashamba mengine yalikuwapo. Angeweza kuwaambia warithi kwamba amebadili nia, wakaachana kwa heshima. Na mwanzoni mwalimu alitaka kufanya hivyo hivyo, kwa kuwa alikuwa mtu wa amani. Lakini siku ya pili dalali alimwambia, kwa nia ya kumharakisha, kwamba amekwisha pata mnunuzi mwingine, kijana mwenye mke na watoto wawili wadogo, naye alilipenda shamba hasa kwa ajili ya kisima.

Mwalimu hakulala usiku ule. Kabla ya karatasi ile, ujinga wake ulikuwa udhuru. Baada yake hakuwa na udhuru. Elimu aliyoilipia ili ajikinge ilikuwa imegeuka deni juu yake, na mdai wake alikuwa mtu asiyemfahamu. Anayejua kwamba kisima kina sumu akaondoka kimya hakuuza kitu, ni kweli. Lakini amemwacha mwingine anunue kwa macho yake mawenyewe yaliyofumbwa, na kimya chake ni sehemu ya bei.

Akawaendea warithi kwanza, kwa kuwa haifai mtu asikie habari za nyumba yake barazani. Mrithi mkubwa alikasirika sana. "Mwalimu, umetuharibia soko," alisema. "Baba yetu hakulijenga josho lile. Sisi hatukumwaga dawa. Kosa letu ni nini?"

Swali lile lilikuwa la haki, wala mwalimu hakuwa na jibu lake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 imekubali kanuni kwamba achafuaye ndiye alipaye. Lakini wachafuzi wa pale walikuwa ng'ombe waliokufa, watunza josho waliozeeka, na wakubwa waliokwisha kwenda zao. Tena wote walitumia dawa iliyohesabiwa kuwa njema katika wakati wake. Marekani iliamua jambo hili kwa ukali mwaka 1980, ikatunga sheria inayoweza kumtoza mwenye ardhi ya sasa gharama za kuisafisha hata kama si yeye aliyeichafua. Tangu hapo wanunuzi wa huko walijifunza kuchunguza historia ya ardhi kabla ya kulipa, hata ardhi ya mashamba na misitu, kwa kuogopa mahakama. Mnunuzi wa kijijini Tanga haogopi mahakama hiyo. Anaogopa ndoo ya maji. Tena katika Tanzania ardhi yote ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais, na sheria mbili za ardhi za mwaka 1999 zimelithibitisha jambo hilo. Anunuaye hupata haki ya kuitumia na yale yaliyostawishwa juu yake. Wapitao ni watumiaji. Ardhi hubaki, na kilichotiwa ndani yake hubaki nayo.

Shauri lilifika mbele ya Halmashauri ya Kijiji. Mzee wa josho aliitwa, akasema mbele ya watu yale aliyoyasema peke yake. Kijana mwenye watoto wawili alisikiliza mpaka mwisho, akamshika mwalimu mkono, akaondoka. Kisima kilifungwa siku ile ile. Josho, mkwaju na mteremko wote mpaka bondeni, ekari 4 jumla, vilizungushiwa ua wa michongoma, visilimwe, visilishiwe mifugo, wala visichimbwe. Kuku walifungiwa mbali. Ekari 8 za juu mwalimu alizinunua mwenyewe kwa bei iliyokubaliwa upya, akachimba kisima chake upande wa pili wa kilima, akayapima maji kabla ya kuyanywa.

Haiwezi kusemwa kwamba kila mtu aliridhika. Warithi walipata hasara ambayo hawakuitafuta, nao walikaa muda mrefu wakimwamkia mwalimu kwa ncha ya midomo. Mke wa mrithi hakumletea mkewe mayai tena. Mwalimu aliweka ubao penye ua, akaandika kwa herufi kubwa kwamba ardhi ile ina sumu. Lakini alijua kwamba ubao huliwa na mchwa, na aseniki hailiwi na mchwa. Kwa hiyo aliomba habari ile iandikwe katika kitabu cha kijiji, na katika hati yake ya mauzo, chini ya mipaka na juu ya sahihi za mashahidi, ili kila atakayelipokea shamba lile baada yake alipokee pamoja na onyo lake.

Hilo ndilo jambo la nne, ambalo hati nyingi za mauzo hazina. Mipaka husema shamba linaishia wapi, bei husema lina thamani gani, mashahidi husema ni la nani. Jambo la nne husema shamba limetendwa nini. Ardhi haina ulimi wa kulisema. Husemewa na waliokuwako. Nao waliokuwako wanazeeka, kila msimu hupungua mmoja, na aghalabu huketi barazani mwao wakingoja mtu wa kuwauliza.